Uongo Mmoja Tu, Mengine Yote Kweli

(Hotuba hii niliitoa mbele ya vijana wa vikundi vya maigizo na vichekesho. Nimeondoa maswali ya ukumbini, maneno mengine nimeyaacha karibu kama yalivyotoka.)

Paukwa!

Ahsanteni. Nimesikia "pakawa" kutoka kila pembe, hata kwa yule mama aliyekaa mlangoni na mtoto mgongoni. Shikamooni wakubwa zangu mlioko mbele. Vijana, hamjambo.

Sasa tuendelee na yale yanayofuata paukwa, maana wengi tunayo mdomoni tangu utoto na hatujawahi kuyasikiliza. Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa. Mwanangu mwana Siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia.

Tusimame hapo kidogo. Kuna mtoto, mwana Siti. Ana kijino kama chikichi. Mpaka hapo hakuna neno, kila mzazi mwanawe akiota jino atalisifu hivyo. Halafu lile jino linajengewa ukuta. Ukuta una milango. Milango inapitiwa na watu. Bibi zetu waliyasema haya usiku, kibatari kinatoa moshi, kwa sauti ileile waliyotumia kusema chumvi imekwisha, na sisi tukaingia kwenye mlango wa jino bila kuuliza lolote.

Nimeombwa nizungumzie vichekesho vya ajabu: vile ambavyo ng'ombe anaingia benki, mtu anaamka hana kichwa na anaenda kazini hivyohivyo, na swali la bei ya nyanya linajibiwa kwa salamu za Idi. Wahakiki wetu wana neno lao, ubwege. Wanasema tamthilia ya ubwege. Nawaheshimu walimu wangu, lakini neno hilo sijawahi kulipenda. Bwege ni mtu aliyepotea na hajui kwamba amepotea. Anayetunga vichekesho hivi hajapotea hata kidogo. Anajua kila hatua, na akikosea moja nyumba yote inaporomoka. Kwa hiyo mimi leo nitasema vichekesho vya ajabu, mniwie radhi.

Nina jambo moja tu la kuwaambia. Kichekesho cha ajabu kinabeba uongo mmoja. Mmoja! Ukishauweka, mengine yote yanayofuata lazima yawe kweli, tena kweli ya mtaani kwetu, yenye foleni, risiti na chai ya saa nne. Mpiga fiksi hodari wa kijiweni anaijua siri hii kuliko sisi tuliosoma. Hakwambii kwamba alivua samaki mkubwa. Anakwambia kwamba alimkatia samaki tiketi ya kivuko, na kwamba mkata tiketi alikuwa hana chenji.

Tumrudie Abunuwasi. Mtu mwenyewe, Abu Nuwas, alikuwa mshairi wa kweli, aliishi Baghdad zama za Harun al-Rashid, miaka zaidi ya 1,200 iliyopita. Huyu wa kwetu wa hekaya ni mwingine kabisa, amekulia midomoni mwa watu wa pwani. Mnajua kisa cha sufuria. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani yake: "Sufuria yako ilikuwa na mimba, imezaa." Jirani anapokea zote mbili kwa furaha. Mara ya pili anaazima, siku zinapita, sufuria hairudi. Jirani anafuatilia, anaambiwa imekufa. "Sufuria inakufaje?" Jibu mnalo: iliyozaa ndiyo iliyokufa.

Wengi tunakisimulia kisa hiki kama cha ujanja tu, na mimi nilikielewa hivyo miaka mingi. Kilichonifumbua macho ni namna bibi yangu alivyokuwa akikisimulia. Alikuwa akifika kwenye kifo cha sufuria, anapunguza sauti, anajifunika kanga kichwani, anasema: "Abunuwasi akaenda mwenyewe kwa jirani, kanzu imefuliwa, akasimama mlangoni, akasema, ndugu yangu, kazi ya Mungu haina makosa." Sisi watoto tulikuwa tukijigaragaza mkekani. Bibi hacheki. Amekaa na huzuni ya msiba usoni, anasubiri tunyamaze ili msiba uendelee. Ndipo nguvu ilipo. Sufuria imekufa, huo ni uongo mmoja. Na kwa kuwa imekufa, basi lazima kuwe na pole, kanzu safi na maneno ya msibani. Na ukimtazama vizuri yule jirani, utaona kwamba uongo ule hakuuweka Abunuwasi peke yake. Waliuweka wawili, siku ile jirani alipopokea kisufuria na akashukuru.

Na vitendawili je? "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto wa miaka saba ameshindwa, anaulizwa: nipe mji. Anatoa Unguja. Mwenzake anaukataa. Anatoa Mombasa, na bandari yake, na boma lake la Wareno, anampa mtoto mwenzake aliyekaa juu ya kinu, kwa sababu ya yai. Hakuna aliyecheka kwenye sehemu hiyo, ilikuwa biashara ya haki kabisa. Tofauti iliyopo ni kwamba kitendawili kina jibu. Kichekesho cha ajabu ni kitendawili ambacho mtegaji ameondoka na jibu lake, na sisi tumebaki na nyumba isiyo na mlango, tuko ndani.

Nimeanza nyumbani makusudi, kwa sababu nimewasikia vijana wakisema mambo haya ni ya Wazungu. Hayana kabila. Lakini wako watu wa mbali walioifanya kazi hii kwa ustadi mkubwa, na itakuwa dhambi nikiwanyima.

Mwaka 1836 Mrusi Nikolai Gogol alichapisha hadithi kuhusu pua. Afisa mmoja wa St. Petersburg, Kovalyov, anaamka asubuhi, anajitazama kwenye kioo, pua haipo. Mahali pake pamekuwa bapa kama chapati. Huo ndio uongo wake, na baada ya hapo Gogol anafuata sheria za mji ule bila kuruka hata moja. Kovalyov anaikuta pua yake mitaani imevaa sare ya cheo kikubwa kuliko chake. Afanyeje? Anatetemeka. Anatafuta maneno ya adabu ya kumwambia mkubwa kwamba wewe ni pua yangu. Na pua inamjibu kwa utulivu: hatuna uhusiano wowote, nikitazama vifungo vya sare yako naona wewe ni wa idara nyingine.

Anakimbilia ofisi ya gazeti kutoa tangazo la kitu kilichopotea. Karani anakataa, gazeti, anasema, litapoteza heshima yake likichapisha habari za pua iliyotoroka. Wanabishana. Mwishowe Kovalyov anaondoa kitambaa usoni, anamwonyesha. Karani anatazama, anaona kweli hakuna kitu pale, anaingiwa na huruma. Na kwa huruma ileile, apate kumfariji, anamfungulia kikopo chake cha tumbaku na kumkaribisha ugoro.

Ugoro, ndugu zangu. Ugoro unavutwa kwa kiungo gani?

Nimesoma sehemu ile mara nyingi sana na kila mara nacheka, kisha naona haya kwa kucheka, maana karani yule ni mtu mwema. Hakuwa na nia mbaya. Alitoa alichokuwa nacho. Ningekuwa na uwezo ningeiandika ukutani kwa kila mtunzi anayeanza: mwema mmoja, kikopo cha ugoro, na mtu asiye na pua. Gogol hakuhitaji kumfanya karani kichaa. Kichaa angeharibu kila kitu. Na pua yenyewe ilikamatwaje? Polisi waliinasa ikiwa tayari kupanda gari la abiria kwenda Riga, ina pasipoti mkononi.

Sasa twende Paris. Eugène Ionesco alizaliwa Romania mwaka 1909, maisha yake mengi akaishi Ufaransa. Akiwa mtu mzima akaamua kujifunza Kiingereza, akanunua kitabu cha mazoezi, akawa ananakili sentensi ili azishike. Ninyi nyote mmepita huko: hii ni kalamu, hii si kalamu, hiki ni kitabu. Ionesco akanakili kwa bidii kwamba wiki ina siku saba, kwamba sakafu iko chini na dari liko juu. Akagundua, kwa mshangao, kwamba hajifunzi Kiingereza. Anajifunza mambo ya kweli kabisa ambayo hakuna mtu anayemwambia mwenzake. Kwenye masomo yaliyofuata akatokea Bi Smith, akamweleza mumewe kwamba wana watoto, kwamba wanaishi karibu na London, kwamba jina lao ni Smith. Mume ambaye, tunadhani, alikuwa akiyajua hayo!

Kutoka kwenye kitabu kile akatunga mchezo wake wa kwanza, ulioonyeshwa Paris tarehe 11 Mei 1950. Jina lake linataja mwimbaji wa kike mwenye upara, na hilo lenyewe lilitokea mazoezini: mwigizaji aliteleza ulimi, mahali pa mwalimu wa kike mwenye nywele za dhahabu akamtaja mwimbaji mwenye upara, na Ionesco akalidaka neno palepale. Tangu mwaka 1957 mchezo huo una makazi katika ukumbi mdogo wa Théâtre de la Huchette, jijini humohumo. Na yeye mwandishi alidhani ameandika jambo la huzuni, msiba wa lugha iliyokufa midomoni mwa watu. Alipousoma mbele ya marafiki wakacheka, alishangaa.

Kuna wageni wawili mle, mwanamume na mwanamke. Wamekaa wakitazamana, wanahisi wamewahi kuonana. Wote wametoka Manchester. Ajabu! Walisafiri kwa treni moja. Ajabu gani hii! Behewa moja. Sasa wote wanaishi London, mtaa mmoja, nyumba namba 19. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Na kila mmoja ana binti mdogo mwenye jicho moja jeupe na jingine jekundu. Basi wanahitimisha, polepole, kama mahakimu waliopitia ushahidi wote, kwamba wao ni mume na mke. Wanakumbatiana. Halafu mtumishi wa nyumba anakuja kutunong'oneza sisi watazamaji kwamba wamekosea: binti wa bwana jicho jeupe liko kulia, binti wa bibi liko kushoto.

Hebu fikirini ndoa mnazozijua. Mimi sitasema zaidi hapo.

Ila kuna sehemu moja ya mchezo ule ambayo naamini Mswahili anaielewa kuliko Mfaransa. Mwanzoni kabisa saa ya ukutani inagonga mara 17, na Bi Smith anasema: ala, kumbe ni saa tisa. Paris wakacheka. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliinua macho nikatazama saa yangu ya ukutani. Mshale ulikuwa kwenye tisa. Nami nilikuwa nimetoka kumwambia mtoto sasa hivi: ni saa tatu, nenda kalale. Kila siku ya maisha yetu tunatazama tisa na kusema tatu, na hatukosei, kwa sababu tumekubaliana, na hesabu yetu ina akili yake, inaanza na jua linapochomoza. Lakini mgeni akikaa pembeni akatutazama, anaona watu wanaosoma namba moja na kutamka nyingine bila kupepesa macho. Kichekesho cha ajabu kinatukalisha kwenye kile kiti cha mgeni, ndani ya nyumba yetu wenyewe. Kinatuonyesha makubaliano tuliyoyazoea mpaka tukadhani yameumbwa pamoja na mawe.

Waandishi wetu wameyafanya haya pia. Said Ahmed Mohamed, katika mchezo wake wa 1995, alichukua kitenzi kimoja, amezidi, akakikata katikati, akapata watu wawili: Ame na Zidi. Fikiria neno limepasuliwa na kila kipande kimepewa miguu. Kezilahabi akamvalisha kiongozi wa nchi kaptula la Marx, kubwa kuliko mwili wake. Aliuandika mchezo huo miaka ya 1970, ukaja kuchapishwa 1999. Someni wenyewe, msisubiri kuelezwa na mtu kama mimi.

Naomba dakika chache kwa mtu mmoja ambaye nampenda sana. Daniil Kharms, mwandishi wa Leningrad, mji uleule wa Gogol uliobadilishwa jina, alizaliwa 1905. Ana kisa kifupi, hakijazi hata ukurasa. Bibi kizee anachungulia dirishani, udadisi unamzidi, anaanguka na kuvunjikavunjika. Bibi wa pili anachungulia amtazame wa kwanza, naye anaanguka. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Alipoanguka wa sita msimulizi akachoka kutazama, akaenda zake sokoni, ambako walisema kipofu mmoja amepewa shali ya kufumwa. Basi, kimekwisha.

Ni kichekesho, na watu hucheka. Lakini kiliandikwa miaka ya 1930, katika nchi ambayo watu walikuwa wakichukuliwa usiku, mmoja baada ya mwingine, na majirani wakiamka asubuhi na kwenda sokoni kama kawaida. Huyu mtu hakusema lolote kuhusu serikali. Alihesabu tu bibi vizee. Alikamatwa 1931, akakamatwa tena 1941, akafa Februari 1942 katika hospitali ya magereza, wakati wa vita, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani na watu wakifa njaa. Katika maisha yake yote, kazi alizochapishiwa karibu zote ni za watoto. Hizi hadithi nyingine zilikuwa karatasi tu ndani ya nyumba iliyotikiswa na mabomu. Rafiki yake Yakov Druskin, naye akiwa hoi kwa njaa, alikwenda akazikusanya, akazitia kwenye sanduku la safari, akalitunza miaka na miaka. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba kazi hii ni upuuzi wa watu walioshiba, mkumbusheni lile sanduku.

Sasa nizungumze na ninyi kama fundi na mafundi wenzake.

Miaka michache iliyopita kikundi ninachokifundisha kilitunga mchezo mfupi: mtu amepotelewa na kivuli chake, anakwenda ofisini kutoa taarifa. Wazo zuri. Tukaucheza mara ya kwanza kwenye ukumbi wa shule, ukaanguka vibaya. Kwa nini? Kwa sababu kila aliyepanda jukwaani alikuwa na ajabu lake. Karani alivaa sufuria kichwani. Mlinzi aliwika kama jogoo. Mwingine alipita na khanga kiunoni akipiga kelele, hatujui alitoka wapi. Dakika ya kwanza watu walicheka. Dakika ya tatu watoto walikuwa nje wananunua mihogo. Nilisimama nyuma ya pazia nikaona viti vinavyobaki vitupu, na iliniuma, kwa sababu vijana walikuwa wamejitahidi kwa moyo wote.

Nawaona wengi wenu kwenye simu mnafanya vilevile: kelele, kuanguka, sauti ya kubana. Nawaambia kwa mapenzi. Marehemu Mzee Majuto, Mungu amrehemu, alitufundisha kwa macho yake tu: alikuwa anaamini kile kinachomtokea. Angeambiwa mbuzi ndiye mwenye nyumba, angekaa kuomba apunguziwe kodi.

Tulirudi tukatupa kila kitu, tukabakiza kivuli. Karani sasa ni dada wa kawaida, sweta begani, daftari kubwa mbele yake, na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye meza ili isiibiwe. Anauliza kama wanavyouliza.

"Rangi?"

"Cheusi."

"Urefu?"

"Inategemea na saa."

"Mimi naandika urefu mmoja tu, kaka. Asubuhi au jioni?"

"Basi andika saa sita mchana."

"Saa sita mchana unanipa sifuri. Sifuri siwezi kuandika, itaonekana hujapotelewa na kitu."

Binti aliyecheza karani hakuinua uso. Wino uligoma, akaiviringisha kalamu katikati ya viganja viwili, mara tatu, akajaribu pembeni mwa karatasi, wino ukaja, akaendelea. Hilo hatukulipanga. Ukumbi ulikufa kwa kicheko kwenye ile kalamu. Halafu akadai picha mbili ndogo za kivuli na barua ya mjumbe kuthibitisha kwamba kivuli ni mkazi wa mtaa ule, na kufikia hapo watu walikuwa wanashikana mabega.

Siku hiyo tulicheza kwenye uwanja wa wazi, jua linazama. Tulipokuwa tunakunja mazulia akanijia mzee mmoja, baraghashia, bahasha ya kaki kwapani. Hakuwa anacheka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema: "Mwanangu, mimi nilikwenda mahali fulani kufuata mafao yangu, nikaambiwa nilete uthibitisho kwamba niko hai. Nilikuwa nimesimama palepale dirishani." Akanyamaza kidogo, akaigeuza ile bahasha upande wa pili. Kisha akaniuliza kama kile kivuli kilipatikana.

Nikamwambia bado, mzee.

"Basi mwambie yule kijana aendelee kufuatilia," akasema, akaenda zake kituoni.